Karatasi ya Kontena Kubwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai karatasi hizi zitakukuta umekaa, si umesimama mlangoni na mkoba begani, maana ni nyingi na nakuomba usizisome kwa kuruka. Kifua chako kinaendeleaje? Tulipoongea mara ya mwisho ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili, ukasema ni vumbi la vitambaa hapo kiwandani kwenu. Nilikuambia ujifunge kitambaa puani, ukanijibu kwamba huo utakuwa ni ushonaji wa bure. Nilicheka siku ile, lakini kikohozi chenyewe hakikunichekesha. Nenda hospitali, Dada, usingoje kibebe jina. Na pacha, hawajambo? Waambie mama mdogo anawasalimu, na yule anayeficha mapengo ya meno yaliyong'oka aambiwe acheke tu, yataota mengine makubwa kuliko uso wake.

Huku nami ni mzima wa mwili. Chumba cha Mama nimekifungua mwezi uliopita kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nimefua mapazia, nimegawa nguo, kitanda cha kukunja nimekirudisha zahanati walikotuazima. Fimbo yake sijajua niifanye nini, imesimama nyuma ya mlango, na mara mbili nimeiomba radhi kwa kuigonga.

Utajiuliza kwa nini nimeandika ilhali simu ipo. Simu nimeishika mara tatu. Mara ya kwanza uliipokea, tukazungumza habari za mvua. Nimegundua kwamba kwenye simu wewe hunikatiza, na mimi hufurahi kukatizwa. Karatasi haikatizwi. Hivyo vumilia nikueleze kwa mpangilio wangu, hata kama mwanzo utaona nazunguka.

Nianze na kazi yangu, ambayo hujawahi kuielewa, na kosa si lako. Wewe ndiye uliyenibatiza jina la Futi siku niliporudi nyumbani na utepe wa kupimia kiunoni, na ukawaambia majirani kwamba mdogo wako ameajiriwa kuhesabu takataka. Hukuwa mbali na ukweli. Mtu akitaka kuvunja sakafu au ukuta wa zege hutupigia simu ofisini tumpelekee kontena la kubebea kifusi, na mimi ndiye ninayetangulia. Napima urefu, upana na unene. Nikizidisha napata mita za ujazo, na kila mita moja naihesabu kuwa tani mbili na nusu kasoro kidogo. Watu hawaamini. Bonge la zege la ukubwa wa meza ndogo lina uzito wa magari mawili ya kutembelea.

Baada ya hapo ndipo nachagua kontena, na hapa ndipo karibu kila mteja anapobishana nami. Mwenye kifusi kingi hutaka kontena kubwa, kama mwenye wageni wengi anavyotaka sufuria kubwa. Lakini kontena kubwa ni la vitu vyepesi: mbao, vipande vya dari, makochi yaliyochoka, matawi ya miti. Zege huwekwa kwenye kontena dogo la kuta fupi, ili hata likijaa pomoni lori liweze kulibeba bila kuumia. Zege lililovunjwa nalo huvimba, vipande huacha nafasi katikati, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua umebeba nini. Lazima upime kabla. Usipopima kabla, utapima baada, kwenye mizani ya polisi.

Wiki tano zilizopita nilitumwa kwenye zahanati moja iliyokuwa ikivunja jukwaa la zege lililobeba matangi ya maji. Nilikuta wavunjaji watano wenye nyundo kubwa, weupe kwa vumbi tangu kichwani hadi miguuni, hujui nani mzee nani kijana. Nilitoa utepe wangu, nikapima pembeni, nikaandika. Mmoja wao aliyekuwa amenipa mgongo akaweka nyundo chini, akaniambia polepole, bila kugeuka, kwamba pembeni pananidanganya, nitoboe katikati. Sauti niliijua kabla ya uso. Akageuka, akasema, "Shemeji, karibu. Angalia nondo hizo zisikuchome."

Ni mumeo, Dada. Ni Baba Pacha. Tafadhali usiikunje karatasi.

Alitoka gerezani miezi saba iliyopita, kabla ya muda wake, kwa sababu ya tabia njema. Leseni ya lori amenyang'anywa, na hata angekuwa nayo hakuna anayempa usukani mtu aliyeua. Basi anavunja zege kwa nyundo, hapa siku mbili, pale siku tatu, popote msimamizi anapomwita. Amekonda. Mabega yale yaliyokuwa yakijaza mlango wetu sasa yamekaa kama hanga la nguo. Kucha tatu za mkono wa kulia hana. Lakini uungwana wake ni uleule: alinipisha kivulini, akanitafutia kopo la kukalia, akaniuliza kama nimekula. Nilitoboa katikati kama alivyosema, na kweli, jukwaa lilikuwa nene zaidi kwa vidole vinne. Nilifuta hesabu yangu nikaandika nyingine. Msimamizi aliuliza kama naumwa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kumtembelea. Anaishi nyuma ya karakana ya wachomelea vyuma, chumba kimoja chenye kitanda, jiko la mafuta, ndoo mbili na msumari wa kutundikia shati. Alinikaribisha kwenye kitanda, yeye akakaa juu ya ndoo. Alinipa pole ya Mama. Habari za msiba alizipata kule ndani baada ya wiki tatu, kutoka kwa mlinzi aliyewahi kupanga mtaani kwetu, na akasema siku hiyo aliomba asipewe kazi ya jikoni kwa sababu macho yalikuwa hayamtulii. Kisha akanionyesha makoti mawili ya mvua, ya njano, madogo. Aliyanunua juma lilelile alilotoka. Alikwenda dukani akaonyesha kimo kwa kiganja, kimo cha pacha walipokuwa na miaka minne, siku alipowaona mwisho. Alipofika nayo chumbani ndipo alipokumbuka kwamba miaka haikumngoja. Alisimama, akaniuliza sasa wamefika wapi. Nilimwonyesha kwenye fremu ya mlango. Akaitia alama kwa ukucha.

Aliuliza habari zako mara moja tu. Aliuliza kama bado unakohoa. Nilipomwambia nitakueleza alipo, alinikataza kabisa. Alisema wewe umeshajenga maisha yako, watoto wameshazoea, na mtu hafufuliwi kwa ajili ya kumbukumbu. Alisema hivyo kwa upole, nami nikaaga. Nilipofika barabarani nilikaa juu ya ukingo wa mtaro, na nguo yangu ya Jumapili, mpaka wapita njia wakaanza kuniangalia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka ile karakana ya zamani ya uchapaji, pale juu ya mteremko, ambayo ilikuwa igeuzwe duka la samani. Walikuwa wakivunja sakafu. Nilikwenda kupima mimi. Sakafu ilikuwa mita tisa kwa sita. Unene niliupima mlangoni, pembeni kabisa, nikapata sentimita kumi. Nilipaswa kutoboa katikati. Mahali palipokaa mashine kubwa za kuchapa kwa miaka arobaini huwezi kutegemea kwamba pana unene wa mlangoni, hata mtoto wa fundi anajua. Keekee ya kutobolea zege ilikuwa kwenye begi langu. Lakini Mama usiku huo alikuwa hajalala, na mimi sikulala, na nilitaka kurudi nimpe dawa ya saa sita mchana. Nikaandika sentimita kumi kwa sakafu nzima, jumla tani kumi na tatu, makontena madogo mawili.

Niliporudi ofisini, madogo yote yalikuwa nje. Bosi akasema mteja anataka sakafu iwe wazi siku hiyohiyo, kwa kuwa wamwaga zege wanakuja kesho yake. Nilikata mstari juu ya "madogo mawili", nikaandika "kubwa moja". Lori letu lilikuwa linabeba tani kumi, Dada. Nilijua kwamba hata kwa hesabu yangu mbovu kontena kubwa lilipaswa kujazwa chini ya nusu na kwenda mara mbili. Nilijua, na sikuandika. Nilisema moyoni nitampigia shemeji, ndiye aliyekuwa dereva wetu, nimweleze kwa mdomo. Kisha nikaitwa kupima mahali pengine, nikasahau.

Wavunjaji walipofika katikati ya ile sakafu walikuta sakafu nyingine chini yake, na chini ya kila mashine msingi unaofika gotini. Wakawa wanajaza tu. Mtu mwenye kontena kubwa mbele yake hujaza. Saa nane mchana shemeji alinipigia. Nilikuwa kwa mteja mwingine, mwanamume mwenye maneno mengi aliyekuwa akinibishia tangu nifike kwa sababu mimi ni mwanamke mwenye utepe. Shemeji akasema lori linainua pua, maana yake akivuta kontena magurudumu ya mbele yanaacha ardhi. Akasema amewaambia watu wapunguze, wamepunguza, limekubali kupanda lakini bado halimpendezi. Akauliza kwenye karatasi niliweka tani ngapi. Yule mteja alikuwa ananikodolea macho, anasubiri aone kama najua kazi yangu. Nikajibu, "Tani tisa. Peleka." Tisa niliitoa hewani tu, haikuwa kwenye karatasi yoyote. Akasema, "Haya, wewe ndiye mwenye hesabu."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia akiwa mtu huru.

Yaliyotokea mteremkoni uliyasikia kwa watu, na mengine waliyatia chumvi, lakini mengi ni kweli. Breki zilichemka hata hajafika nusu ya njia. Alipiga honi mfululizo. Alijaribu kulaza lori kwenye ukuta wa shule ili lijikwaruze lisimame, na lilikuwa karibu kusimama, ila kontena likachomoka kwenye ndoano ya lori likateleza peke yake hadi pembeni alipokaa fundi viatu. Yule mwanamke aliyekuwa akishonewa kiatu alikuwa amerudi nyuma hatua mbili kuipokea simu yake, na alikutwa amesimama palepale na kiatu mguu mmoja, hapigi kelele, hasogei. Fundi viatu hawakumtoa hadi jioni. Mizani ya polisi ilisema tani kumi na sita na ushee.

Dada, mpaka hapo ungeweza kusema ni uzembe, na mwanadamu huzembea. Ninalotaka ujue ni nililofanya saa kumi alasiri ya siku ile, wakati shemeji yuko hospitali amefungwa pingu kitandani, na wewe uko njiani kwenda huko na pacha mgongoni na mkononi.

Nilirudi ofisini. Bosi alikuwa mteremkoni na polisi, karani alikuwa amekimbilia kutazama. Nilifungua kabati nikatoa jalada la karakana. Nikachomoa ile karatasi yangu iliyokatwa mstari, nikaandika mpya kwenye kitabu kilichokuwa bado hakijafunguliwa, kwa kalamu ileile, tarehe ileile. Niliandika: kontena kubwa, lijazwe nusu tu, safari mbili, dereva ameelezwa. Nikaipiga muhuri. Ile ya kwanza niliichana vipande vidogo nikaitupa chooni, na kwa kuwa maji yalikuwa yamekatika nilisimama nikamimina kwa kopo, kopo baada ya kopo, mpaka vyote vikapotea. Halafu nikanawa uso, nikaja hospitali, nikakukumbatia. Unakumbuka ulisema nina mikono ya baridi.

Ulikuwepo mahakamani, lakini ulikaa nyuma na hukuona alichoona yeye. Hakimu alimuuliza kama ni kweli alielezwa kwamba kontena lijazwe nusu tu. Shemeji alishangaa, akaomba aone karatasi. Wakampelekea. Mwandiko wangu anaujua tangu alipokuja kukuposa. Aliisoma kwa muda mrefu, mpaka karani wa mahakama akasogea kama anayetaka kuichukua. Kisha akainua macho akanitafuta. Nilikuwa mstari wa pili, pembeni ya Mama, na Mama alikuwa ameniegemea begani kwa kuwa hakuweza kukaa wima bila kushikiliwa. Alinitazama, akamtazama Mama, akarudisha karatasi. Akasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Nilielezwa."

Uliinuka ukatoka. Nilisikia kiti chako. Jioni ile nyumbani, mbele ya shangazi na majirani, ulisema afadhali angekuwa mlevi, kwa sababu mlevi hajui afanyalo, lakini huyu alielezwa kwa maandishi akaenda kuua baba wa watu. Ulisema watoto wako hawatamtembelea muuaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina chai. Nilizunguka na birika nikakumiminia na wewe, ukaniambia asante mdogo wangu, angalau wewe uliandika.

Kila mara uliponiambia neno hilo, na umeniambia zaidi ya mara moja, nilingoja kinywa changu kifunguke. Nilijiambia, nikisema watanichukua, na Mama atabaki na nani? Ilikuwa kweli. Lakini Mama amekufa mwaka sasa, na nilinyamaza mwaka mzima bila Mama. Siku ya mazishi ulisema pale kaburini kwamba aibu ya mkwe wake ndiyo iliyommaliza. Nilikuwa nimeshika koleo. Nikaendelea kufukia. Sitaki unihurumie kwa ajili ya Mama, kwa hiyo nakuandikia na hilo pia.

Juma baada ya kumtembelea shemeji nilikwenda kwa mke wa marehemu fundi viatu. Anauza mkaa sasa, palepale mtaani kwao. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku akimpimia mteja, akamaliza, akajifuta mikono. Alisema miaka mitatu amemlaani mtu kila asubuhi kabla ya kunawa, na sasa namwambia alikosea mlango. Alisema hana nguvu za kuanza upya na mimi. Akaniomba niondoke, maana nilikuwa nazuia wanunuzi.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa yule afisa wa upelelezi aliyeshughulikia kesi. Ameshapandishwa cheo, ana meza kubwa zaidi. Mwanzo alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba. Nilimwambia jinsi ya kuthibitisha: namba za karatasi zetu hufuatana, na ile iliyo kwenye jalada la mahakama ina namba ya kitabu ambacho siku ile kilikuwa hakijafunguliwa. Hakuna aliyewahi kuitazama namba. Alitoa jalada, akatazama, akasukuma karatasi tupu kuelekea kwangu akaniambia niandike yote. Niliandika kurasa nane. Bosi alinisimamisha kazi siku hiyohiyo, na utepe nimeurudisha. Alhamisi ijayo naripoti tena, na mwanasheria ameniambia nifungashe begi dogo, kwa sababu huenda nisirudi nyumbani jioni.

Nilidhani shemeji angefurahi. Nilimwendea na habari kama mtu anayepeleka zawadi, nikamweleza mlangoni. Sijapata kumwona na hasira kabla ya siku ile. Hakupaza sauti. Alisema alipoisoma ile karatasi mahakamani alipiga hesabu yake: yeye alikuwa ameshaingia ndani, na lori alilikubali mwenyewe akiwa anaona limezidiwa, mama mgonjwa alikuwa mikononi mwangu, na wewe ulikuwa na watoto wawili wadogo, mtu mmoja akizama anatosha. Alisema kila asubuhi kule ndani aliamka akijua kwa nini yuko pale, na kwamba ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Sasa nimekuja kumwambia kwamba nimekitupa, miaka yake imekuwa ya bure, na bado mimi naingia. Nilimwambia si ya bure, Mama alikufa kitandani kwake, kichwa chake mapajani mwangu. Akasema, "Nenda nyumbani, Futi," akafunga mlango. Hakuniita shemeji. Nimerudi mara mbili, hanifungulii.

Dada, sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Ukinisamehe kwa haraka nitajua hujasoma. Ukitaka kuja kunitukana, njoo kabla ya Alhamisi, na ukitaka usije kabisa, nitaelewa. Ninachokuomba ni kwa ajili yake, si kwangu. Pacha waambiwe na wewe, wasiachiwe maneno ya watoto wa shuleni, kwamba baba yao hakudharau maelezo ya mtu. Aliuliza kabla ya kuondoka. Aliuliza, akajibiwa uongo, na aliyemjibu ni mama yao mdogo. Waambie hivyohivyo, usinipunguzie.

Ufunguo wa nyumba nimemwachia jirani wa kushoto, mwalimu mstaafu. Vitu vya Mama nilivyokuwekea viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, pamoja na ile shuka uliyoitaka. Nisalimie pacha, kila mmoja kwa salamu yake, usiwape moja wagawane, wanachukia. Wasalimie wenzako wa kiwandani, na huyo mama mwenye nyumba wako mwenye kelele pia. Funika pua.

Na ukiamua kwenda kwake, shuka kituo cha mwisho, ufuate cheche za wachomelea vyuma, chumba ni cha tatu nyuma ya karakana, mlango wa kijani usio na kitasa. Siku za Jumapili yupo. Usibishe kwa kidole ukaondoka ukidhani amekukataa. Sikio la kushoto halisikii tangu lile lori, na la kulia hulilalia. Piga kwa kiganja, piga sana, umwite kwa sauti yako.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Futi